Jibu: Skripti mbili zinagandana kwenye seva, na salio linarudi la zamani

Mkuu, umesema una skripti mbili za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), moja ya malipo na moja ya stoo, zote zinagusa malipo.dat na stoo.dat kwa flock (loki ya faili, mmoja akiishika mwingine anasubiri), kuna wakati zinaganda mpaka uziue kwa mkono, na siku nyingine salio linarudi la zamani. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Kuganda ni rahisi. Ya malipo inashika malipo.dat halafu inaomba stoo.dat, ya stoo inaanza kinyume, kila mmoja kashikilia cha mwenzie na anasubiri, hapo utakaa mpaka kesho. Panga mfuatano mmoja, wote waanze na malipo.dat, basi. Ila kwa kazi ndogo kama hiyo mi ningeweka loki moja tu kwa mafaili yote mawili, nani anataka presha. Na usitegemee kernel (kiini cha Linux) ikustue, kwenye fcntl, ile njia nyingine ya kuweka loki, inaweza kugundua huo mzunguko ikakurudishia error ya EDEADLK, kwenye flock hamna kitu, ni kimya. Ndo maana mi huwa naandika flock -w 10, sekunde 10 zikiisha inatoka na naiona kwenye logi.

Sasa salio. Kwenye kodi uliyobandika unachukua LOCK_SH (loki ya kusoma, wengi wanaweza kuishika pamoja), unasoma salio, unapiga hesabu, halafu unaipandisha iwe LOCK_EX (ya mtu mmoja tu) ndo unaandika. Kosa liko hapo! Flock haipandishi loki kwa mkupuo, inaachia kwanza ile ya zamani ndo inaomba mpya, kwahiyo katikati hapo mwingine anaingia: salio ni 50,000, wewe umelisoma, mwenzio kaongeza 20,000 kaandika 70,000, wewe unapata zamu unatoa 5,000 kwenye 50,000 yako ya kichwani, unaandika 45,000. Ile 20,000 imeyeyuka na hakuna error yoyote. Chukua LOCK_EX tangu mwanzo, soma, hesabu, andika, ndo uachie.

Kuna mdau hapo juu kakwambia ukimaliza futa faili la loki, usifanye hivyo aisee. Loki inakaa kwenye inode (rekodi ya faili lenyewe kwenye diski), haikai kwenye jina. A kashika, B kashalifungua anasubiri, A anafuta na kutoka, B anapata loki ya faili ambalo halina jina tena, C anakuja anatengeneza jipya na kuliwekea loki bila shida, tayari wawili wako ndani. Liache tu pale, byte sifuri halikuli diski, na prosesi ikifa kernel inaachia loki yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke loki kwenye faili la data lenyewe kama unaandika faili jipya pembeni halafu unafanya rename juu ya la zamani, tumia faili la loki la peke yake.

Ukitaka kuhamia fcntl kumbuka ina kituko chake, prosesi ikifunga (close) fd yoyote ya faili hilo, yaani namba ya faili lililofunguliwa, hata iliyofunguliwa na laibrari usiyoijua, loki zake zote kwenye faili hilo zinaondoka. Kuanzia Linux 3.15 (2014) kuna aina nyingine ya loki, F_OFD_SETLK, hiyo haina hayo mambo.

Ikiganda tena usiiue kwanza, piga cat /proc/locks, mistari yenye -> ndo wanaosubiri, PID (namba ya prosesi) iko hapo hapo, na inayofuata ina namba tatu zenye nukta mbili katikati, ya mwisho kati ya hizo ndo inode, linganisha na ls -i. Bandika hapa tuone.