Maji yanafika magotini tu, nivuke?

Ndugu yangu, umesema njia ya kwenda kazini imefurika, maji magotini, na wenzako wanavuka kila siku bila shida. Mi nakushauri usivuke. Tatizo sio kina peke yake, ni kasi, maji yanayokimbia hata ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika kama 60 yanabeba hadi gari, sasa wewe una kilo ngapi jamani?

Halafu yale maji ni matope, huoni unakanyaga wapi. Jana palikuwa na njia, usiku maji yamekula udongo chini limebaki shimo, au mfuniko wa chemba umeng'oka na maji yanavutwa humo ndani, ukitumbukia mguu hata anayejua kuogelea hatoki. Bado waya wa umeme uliokatika, vyupa, misumari, na kama una kidonda mguuni maji yamechanganyika na vyoo na mikojo ya panya, homa yake sio ya mchezo.

Mpigie bosi mwambie utachelewa, zunguka au subiri yapungue. Na ile fimbo unayosema ya kupimia inakuonyesha kina tu, kasi haikuambii.