Muulize Mwalimu: Kifungo Kina Miaka, Nauli ya Kurudi Haimo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anasoma Sydney, Australia. Juzi alinipigia simu akaniambia kwamba mji ule ulijengwa na wezi waliofukuzwa Uingereza. Nilipolisema jambo hilo barazani nilichekwa. Jirani mmoja akauliza, mtu mwenye pingu miguuni atajengaje mji? Je, watu wale walikuwa gerezani au mtaani? Na weusi wenzetu walikuwemo? – Mama wa Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo jirani mwambie kwanza akanunue kahawa ya baraza zima, maana mwanao hakukudanganya.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuwapeleka wafungwa wao Marekani. Marekani ilipojitenga nao, magereza yakafurika, hata wakawa wanawafungia watu ndani ya meli kuukuu zilizotia nanga mtoni Thames. Mwishowe wakaichagua Australia. Mei 1787 meli 11 zilitoka Portsmouth na wafungwa zaidi ya 700, wanaume kwa wanawake, na tarehe 26 Januari 1788 zikatia nanga Sydney. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa Gadigal, wala hawakuulizwa. Mwaka uliofuata ndui ikawaangamiza wengi mno. Mpaka mwaka 1868, safari zilipokoma, watu wapatao 162,000 walikuwa wamevushwa, na wengi wao kosa lao lilikuwa wizi: nguo, kitambaa, kondoo.

Sasa gereza au mtaa? Mtaa, kwa miaka mingi. Nami hili sikulijua vizuri, ingawa nimefundisha historia maisha yangu yote, mpaka nilipokwenda kumtembelea binti yangu huko akanipeleka kwenye bweni la wafungwa la Hyde Park. Ni jumba la matofali la ghorofa tatu, lina saa kubwa usoni. Lilifunguliwa mwaka 1819. Kabla ya hapo, mfungwa wa serikali mjini Sydney alijitafutia mwenyewe pa kulala. Alifanya kazi ya serikali hadi alasiri, kisha akaenda kutafuta kibarua apate kodi ya chumba. Ukuta wa nini? Mbele bahari, nyuma mwitu usiojulikana mwisho wake.

Lile bweni lililaza watu 600 hivi, kwenye machela za turubai zilizofungwa kwenye boriti, mtu na mwenzake wamebanana kama dagaa juani. Kilichonigusa ni panya. Panya wa zamani zile waliiba vitambaa na vipande vya mashati ya wafungwa wakajengea viota chini ya mbao za sakafu, vikakaa humo mpaka wachimbaji wa mambo ya kale walipovitoa. Serikali ilihifadhi majina na makosa. Shati la mtu likahifadhiwa na panya.

Aliyelichora jengo hilo naye alikuwa mfungwa: Francis Greenway, msanifu majengo wa Bristol, aliyeghushi hati, akahukumiwa kifo, kisha akapunguziwa hadi miaka 14 ng'ambo. Mwaka 1966 Australia ilipotoa noti mpya ya dola 10, sura iliyowekwa ni yake. Mghushi juu ya noti! Lipeleke hilo barazani.

Wengi wengine waligawiwa kwa mabwana, mashambani na majumbani. Bwana alitoa chakula na nguo, mshahara hapana. Kuchapa mwenyewe hakuruhusiwa. Alimpeleka mtumishi kwa hakimu, na hakimu ndiye aliyeamuru mjeledi wa mikia tisa. Tatizo ni kwamba hakimu mara nyingi alikuwa bwana shamba mwenzake. Aliyetulia, kama alifungwa miaka 7, baada ya miaka 4 aliweza kupewa hati ya kujitegemea, akafanya kazi kwa faida yake, ila asitoke wilaya aliyopangiwa. Na miaka ikiisha? Yuko huru, lakini meli ya kurudi ajilipie. Ndiyo maana wengi walibaki.

Watu weusi walikuwemo, tangu meli zile 11 za kwanza. Yuko John Caesar, aliyehukumiwa Kent mwaka 1786 miaka 7 kwa wizi wa pauni 12 na ushei. Maandishi ya wakati ule humtaja kuwa ni mtu wa Bukini, yaani Madagaska. Alikuwa pande la mtu, na posho ilipimwa sawa kwa wanaume wote. Ofisa mmoja aliandika kwamba chakula cha siku mbili Caesar alikimaliza kwa siku moja. Basi akaiba chakula, akakamatwa, akatoroka na gobori mwaka 1789, akarudishwa, akatoroka tena. Wazungu humhesabu kuwa jambazi wa kwanza wa mwituni Australia. Mimi namhesabu mtu mwenye njaa. Februari 1796 alipigwa risasi akafa, kwa zawadi ya galoni 5 za pombe kali.

Mwingine ni David Stuurman, kiongozi wa Wakhoikhoi wa Afrika Kusini, aliyepigania ardhi ya watu wake. Huyu hakuiba kitu. Waingereza walimfunga Kisiwa cha Robben akatoroka kwa mashua. Wakamrudisha, akatoroka mara ya pili. Mwaka 1823 wakaona bora bahari nzima iwe katikati, wakampeleka Sydney. Alifia huko mwaka 1830, akazikwa makaburi ya Devonshire Street.

Mwanao akipita stesheni kuu ya treni, ile wanayoiita Central, ajue makaburi hayo yalikuwa pale pale. Yalihamishwa mwaka 1901 ili stesheni ijengwe. Mwaka 2017 ujumbe kutoka Afrika Kusini ulikwenda Sydney, ukafanya ibada ya kuichukua roho ya Stuurman na kuirudisha kwao.