Kifurushi cha viatu na majibu ya damu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni muuguzi katika zahanati binafsi mjini Jinja. Vijana watatu wenye ujuzi wa kutengeneza programu wamekubali kutuundia mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa, na mmoja wao anasisitiza kwamba tuige maduka ya mtandaoni kwa kuwa yanajua kumjali mteja. Mimi nasita, kwa sababu mgonjwa si mnunuzi wa viatu. Je, kuna jambo la maana la kujifunza huko?

JIBU: Ndugu Muuguzi, kijana wenu ana hoja, na kusita kwako pia kuna msingi, lakini kwanza tuelewane ni kitu gani hasa kinachofaa kuigwa. Wengi wakitaja maduka ya mtandaoni hufikiria picha za kuvutia na vitufe vya rangi, ilhali nguvu ya maduka hayo iko kwingine: mnunuzi akishaagiza, haachwi gizani. Hupata ujumbe kwamba agizo limepokelewa, mwingine kwamba limefungashwa, mwingine kwamba mwenye boda boda yuko njiani, na mzigo ukichelewa huambiwa kwamba umechelewa.

Sasa mfikirie mama aliyetolewa damu katika kituo cha afya kijijini. Uganda ina mtandao wa kusafirisha sampuli ambao wapanda pikipiki wake huzichukua vituoni na kuzifikisha mahali pa kukusanyia, kutoka hapo zikapelekwa hadi Maabara Kuu za Afya ya Umma jijini Kampala. Safari hiyo haitofautiani sana na ya kifurushi cha viatu, isipokuwa mwenye damu mara nyingi hajui imefika wapi. Nilipata kumsindikiza mama yangu mzazi hospitalini mara tatu kufuata majibu ya kipimo kimoja, na mara mbili za kwanza tuliambiwa turudi wiki inayofuata. Nauli iliyopotea iliuma, ila kilichoniumiza zaidi ni kumwona mzee wa umri wake akikaa kwenye benchi tangu alfajiri kwa jambo ambalo ujumbe mfupi wa simu ungelimaliza akiwa nyumbani kwake. Ikiwa vijana wenu wana muda wa kufanya jambo moja tu, naomba liwe hilo.

Maduka hayo pia yalilazimika kuyasoma mazingira yetu. Jumia, mojawapo ya maduka hayo, haikungoja kila Mwafrika awe na kadi ya benki. Ilimruhusu mnunuzi alipe akiwa ameshapokea mzigo mkononi, maana watu hawakuwa tayari kumlipa muuzaji wasiyemwona. Mfumo wenu nao uanzie pale alipo mgonjwa: kwenye lile daftari la shule analolinunua ili aandikiwe matibabu yake, kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, na kwa Kisoga, Kiganda au Kiswahili kulingana na anachokielewa. Hilo linawezekana. Mwaka 2011 nchi yetu ilianza kutumia mTrac, mfumo ambao wahudumu wa afya waliripoti magonjwa na akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, na mwananchi naye akaweza kutuma malalamiko yake bila malipo.

Jambo jingine ni kujaribu kabla ya kufungua milango. Muuzaji makini humketisha mtu wa kawaida mbele ya simu na kutazama ni wapi anakwama. Marekani ilipozindua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013, watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza, ingawa fedha na wataalamu hawakukosekana. Ujaribuni mfumo wenu kwa wagonjwa 10, halafu nawe mwenyewe uwe wa 11, kwa sababu muuguzi anayejaza rejesta ya karatasi na kisha kurudia yote kwenye kompyuta atauchukia mfumo huo kwa haki kabisa.

Kusita kwako ninakuunga mkono katika mambo mawili. Msiruhusu wagonjwa kuwapa madaktari nyota, kwani daktari anayekataa kutoa antibiotiki kwa mafua ya kawaida atapata nyota chache kuliko yule anayeigawa kama peremende. Pili, duka hukumbuka ulichonunua na kukuonyesha tena kesho yake, tabia ambayo katika tiba inaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi lenye ulinzi wa pekee, na katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto. Basi mgonjwa aulizwe, siku ile ile anapotolewa damu, namba ni ya nani na kama anakubali kutumiwa ujumbe. Na ujumbe wenyewe usitaje kipimo wala ugonjwa, useme tu kwamba anaombwa kufika zahanati, siku gani na saa ngapi.