Anzia Kisimani, Mwalimu

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha jiografia ya maumbile, kabla hujachora ubaoni matabaka ya dunia, wapeleke wanafunzi kisimani. Hapa Lamu kila mtoto anajua kuna visima vya maji matamu na vya maji ya chumvi, na kwamba vingine hugeuka kiangazi kikikaza. Waulize kwa nini, kisha waache wabishane.

Vifaa havina gharama: kamba yenye alama kila sentimita kumi, jiwe na daftari. Pimeni kutoka ukingo wa kisima hadi uso wa maji, bahari ikijaa na ikipwa, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Saa haiwezi kuwa ileile, maana maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na ratiba ya shule haingoji bahari. Wape kazi hiyo watoto wanaokaa jirani na kisima. Chumvi nayo ipimeni kwa kuchemsha lita moja mpaka ibaki kidogo, mkamalizia kuikausha katika kibakuli chepesi mlichokwisha kukipima kwa mizani ya sonara. Lita ya maji ya bahari huacha gramu 35 hivi. Ya kisima ikizidi gramu moja, ulimi wenyewe huanza kuyakataa maji hayo.

Hesabu ndiyo ya kukaa nayo, usiipitie mbio. Mvua inayonywea kwenye vilima vya mchanga vya Shela hukusanyika chini kama maji matamu, yakaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya bahari kilo 1.025 hivi. Tofauti ni 0.025. Wagawanye 1 kwa 0.025, wapate 40. Yaani kwa kila mita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hii ni kanuni ya Ghyben na Herzberg, nayo huchukulia kwamba maji yametulia, kwa hiyo waambie wazi ni makadirio. Kisha uliza: tukivuta maji mpaka usawa ushuke sentimita 10, je? Mwisho wake ni mita 4 kupotea kutoka chini. Mimi hulipenda swali hili kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi anafika kwenye jibu zito kwa kugawanya na kuzidisha tu.

Walimu wa Malindi, nyinyi mna mto Sabaki: chukueni chupa ya maji ya mto wakati wa mvua, muyaache yatuame, mpime udongo.

Mjadala wa vilima vya Shela hauepukiki: wanaochota mchanga wa kujengea, wanaotaka kujenga huko, na mji unaotegemea maji yake. Usiwape jibu. Kuna watoto ambao riziki ya nyumbani inatokana na punda wa kubeba mchanga, na mtoto hapaswi kugeuzwa mshtakiwa darasani. Wape kipimo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wapige hesabu ya paa, ya ua uliosakafiwa, na ya matumizi ya nyumbani kwao.

Omba ruhusa ya mwenye kisima kabla ya kupima. Kwenye daftari andikeni namba, si jina la nyumba, na majibu yamfikie yeye kwanza kabla hayajabandikwa ukutani.