Soma maelezo kabla ya rangi: kwa mnaoanza kazi za maliasili na ramani za mtandaoni

Karibuni kazini. Iwe mmepangiwa halmashauri, ofisi ya madini, bodi ya maji ya bonde au kampuni ya tathmini ya mazingira, kuna agizo mtakalolipata mapema kabisa: "Hebu tuangalizie hilo eneo lina nini." Zamani agizo hilo lilikuwa na maana ya safari ya Dodoma kutafuta karatasi ya ramani ya jiolojia. Siku hizi unafungua kompyuta, unachagua tabaka (seti moja ya taarifa inayowekwa juu ya ramani), ramani inajaa rangi, na kabla chai haijapoa unayo picha nzuri ya kubandika kwenye ripoti.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kubofya wanajua, tena kutuzidi sisi wakubwa wao. Shida ni kwamba wanasoma rangi bila kusoma maelezo. Kila tabaka lina ukurasa mdogo nyuma yake, mara nyingi umefichwa kwenye alama ya herufi "i", na ukurasa huo unasema kilichopimwa ni nini, kilipimwa na nani, lini, na pikseli moja, yaani kimraba kimoja cha picha, ina ukubwa gani ardhini. Msipousoma, mtaandika mambo ambayo ramani haikuyasema.

Chukueni Global Forest Watch, ramani ya mtandaoni ya misitu ya dunia, ambayo wengi mtaanza nayo. Sogezeni ramani hadi Mufindi, mkoani Iringa. Mtaona rangi ya waridi, yaani upotevu wa miti, imetapakaa kuzunguka Mafinga. Mgeni ataandika kwamba misitu ya Iringa imekwisha. Lakini pale kuna shamba la miti la Serikali la Sao Hill, na pembeni yake mashamba mengi ya watu binafsi: misindano na mikaratusi iliyopandwa, ikakomaa, ikavunwa, ikapandwa tena. Tabaka lile, lililotengenezwa na Chuo Kikuu cha Maryland kwa picha za setilaiti za Landsat, linahesabu mimea yenye kimo cha zaidi ya mita 5 iliyotoweka kwenye pikseli. Haliulizi nani aliipanda wala kama kesho itarudishiwa. Mavuno ya shamba na ufyekaji wa msitu wa asili vyote vinapakwa rangi ileile.

Sasa nendeni upande wa pili, kwenye miombo ya Tabora au Katavi, mpate kosa la kinyume chake. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Mchoma mkaa hafyeki eneo lote, anachagua. Anakata mti hapa, anaruka, anakata mwingine kule. Pikseli inabaki kijani huku msitu unazidi kukonda. Kwa hiyo ramani isipoonyesha rangi ya waridi, msiandike kwamba msitu uko salama. Andikeni kwamba hakuna upotevu mkubwa uliogunduliwa kwa kipimo cha mita 30, na mwende mkahesabu visiki.

Kuna kitufe pale ambacho wengi hawakigusi: kiwango cha chini cha msongamano wa miti, yaani sehemu ya ardhi inayofunikwa na matawi yake. Kwa kawaida ramani inafunguka ikiwa kwenye asilimia 30, maana yake mahali penye miti michache zaidi ya hapo hapahesabiwi kama eneo la miti. Kwa misitu ya Udzungwa kiwango hicho kinafaa. Kwa nyika na miombo ya wazi kinaweza kufuta sehemu kubwa ya eneo lako. Shusheni hadi 10 muone takwimu za wilaya zinavyobadilika. Hakuna jibu moja sahihi, ila ripoti isiyotaja kiwango kilichotumika haiwezi kulinganishwa na ripoti ya mtu mwingine, na mabishano mengi ya takwimu za misitu ninayoyasikia vikaoni yanaanzia hapo. Takwimu zinaanzia mwaka 2001, na mbinu za kugundua upotevu ziliboreshwa baadaye, hasa kuanzia 2015. Mkiona mstari wa grafu unapanda ghafla baada ya hapo, msikimbilie kulaumu wanakijiji. Sehemu ya kupanda huko ni macho ya setilaiti yaliyoongezeka ukali.

Namna ya kuhakiki ni rahisi na haina gharama. Fungueni tovuti ya Copernicus Browser, mtafute picha za Sentinel-2 za eneo lenyewe. Hizo zina pikseli za mita 10, na setilaiti zake zilianza kurushwa mwaka 2015. Linganisheni mwezi na mwezi wake: Juni kwa Juni, Septemba kwa Septemba. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na moto ukipita huacha weusi unaofanana na eneo lililofyekwa. Anayelinganisha picha ya Aprili na ya Septemba atakuta "uharibifu" kila mahali.

Kwenye maji hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Global Surface Water ya Umoja wa Ulaya inaonyesha mahali maji yalipoonekana juu ya ardhi tangu 1984, na kwa ziwa kama Rukwa, ambalo ni la kina kifupi na hupanuka na kusinyaa, ni hazina. Lakini angalieni toleo linaishia mwaka gani. Toleo linaloishia 2021 haliwezi kuwaonyesha bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, kwa sababu maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Lambo dogo la ng'ombe nalo halionekani, ni dogo kuliko pikseli. Na maji ya chini ya ardhi ni kitu kingine kabisa. Zipo ramani za Afrika nzima zilizotolewa mwaka 2012 na Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza, lakini pikseli yake ni kilomita 5. Inakuambia hali ya jumla ya ukanda. Haikuambii uchimbe kisima nyuma ya zahanati au mbele yake. Kwa hilo mtafuteni mtaalamu wa maji ardhini mwenye vifaa.

Udongo nitaupitia haraka. SoilGrids ni makadirio ya kompyuta kutokana na mashimo ya udongo yaliyopimwa duniani kote, kwa pikseli za mita 250. Ni nzuri kwa kupanga mahali pa kuchukua sampuli, si kwa kumwambia mkulima atie mbolea kiasi gani. Na mkipakua faili la uchachu wa udongo mkakuta 58, msishtuke: namba zimezidishwa kwa 10, maana yake ni 5.8.

Nataka nikae kidogo kwenye madini, kwa sababu huko kosa la ramani huzaa kesi.

Kwanza, poligoni ya leseni, yaani umbo linaloonyesha mipaka yake, kwenye ramani ya leseni haina maana kwamba chini yake kuna dhahabu. Leseni ya utafiti ni ruhusa ya kutafuta. Nimewaona watu wakinunua mashamba kwa bei ya ajabu kwa sababu eneo "limepakwa rangi kwenye mtandao". Wala leseni haimfuti mwenye ardhi aliye juu yake. Haki ya madini na haki ya ardhi ni vitu viwili.

Pili, kodineti, yaani namba zinazotaja mahali. Mchimbaji mdogo atakuletea karatasi yenye namba za kona nne, anataka kujua kama eneo lake limeingiliana na la jirani. Leseni ya uchimbaji mdogo, hii tunayoiita PML, kwa madini yasiyo ya ujenzi haizidi hekta 10. Ikiwa mraba, upande wake ni kama mita 316. Kumbukeni namba hiyo. Hati na ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mfumo wa kodineti wa Arc 1960, wakati simu yako na GPS yako vinatumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake, eneo linahama takribani mita 300, zaidi kuelekea kaskazini au kusini. Yaani PML nzima inahamia kwa jirani, na wote wawili wanakuja ofisini na hasira, kila mmoja ameshika karatasi isiyo na kosa.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote, tafuteni kwenye hati jina la mfumo. Ukiwa Geita, ambako ni kanda ya 36 Kusini ya UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita), kwenye programu ya ramani ya QGIS Arc 1960 ni namba 21036 na WGS 84 ni 32736. Chagueni inayolingana na hati, iacheni programu ibadilishe yenyewe, kisha jaribuni kwa nukta mnayoijua: njia panda ya barabara au kona ya shule iliyoandikwa kwenye hati hiyohiyo. Ikiangukia mahali pake, endeleeni.

Kodineti zikiwa za nyuzi na dakika, kuwa makini zaidi. 2°52'30" si 2.5230. Gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, utapata 2.875. Na sisi tuliopo kusini ya ikweta tunahitaji alama ya kutoa mbele yake. Ukiisahau, mgodi wa Geita utaukuta Uganda, jirani na Gulu. Ukizigeuza latitudo na longitudo, utaukuta Moroko. Hayo mawili angalau yanajionyesha. Lile la mita 300 halijionyeshi, ndiyo maana ni baya zaidi.

Tatu, skeli. Ramani ya jiolojia iliyochorwa kwa skeli ya 1 kwa 125,000, milimita moja ya karatasi ni mita 125 ardhini. Mtandaoni unaweza kuikuza hadi mpaka wa miamba upite katikati ya nyumba ya mtu. Kukuza hakuongezi taarifa. Mstari ule ulichorwa na mjiolojia aliyejua kwamba kalamu yake ina upana.

Mipaka ya hifadhi ina mtego wake. Protected Planet inakusanya hifadhi za dunia nzima na inafaa kwa mwanzo, lakini baadhi ya hifadhi kwenye hifadhidata zake zimewekwa kama nukta tu, na ramani nyingine huichorea nukta hiyo duara ili ipate eneo. Hifadhi yenye umbo la duara kamili, ishuku. Mpaka wa kisheria uko kwenye GN (Tangazo la Serikali) na jedwali lake, pamoja na ramani ya upimaji inayotajwa humo. Kama kuna mgogoro wa kijiji na hifadhi, usiuingie na picha ya mtandaoni mkononi.

Mkiandika ripoti, chini ya kila ramani wekeni jina la tabaka, toleo, tarehe mliyoifungua na mfumo wa kodineti. Ramani za leseni hubadilika. Eneo lililokuwa wazi Jumatatu linaweza kuwa na maombi Ijumaa, kwa hiyo picha ya skrini isiyo na tarehe haina kazi. Na kwa leseni, neno la mwisho ni la ofisi ya Afisa Madini Mkazi, si la kioo chenu.

Kabla ya kwenda uwandani pakueni matabaka yote mngali mjini, maana ukishaiacha lami bando halisaidii kitu. Na mkifika, anzeni kwa mtendaji wa kijiji na barua yenu ya utambulisho kabla hamjatoa GPS mfukoni. Muulizeni awapatie mzee anayejua majina ya mito na vilima, muyaandike pembeni ya majina ya kwenye ramani. Mara nyingi hayafanani, na kwenye mkutano wa kijiji watu watajadili kwa majina yao.