Agosti haitoi bingwa: majibu kwa wasomaji wa NFL

Msimu wa 2025 wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, unafunguliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, Septemba 5, kwa saa za Afrika Mashariki. Mabingwa watetezi, Philadelphia Eagles, wanawakaribisha Dallas Cowboys. Maswali yamekuja mengi na mengi yanafanana. Nayajibu bila kurudia sheria za mchezo, maana wasomaji wa safu hii mnazijua.

"Ndugu mwandishi, timu yangu haijapoteza mechi hata moja ya maandalizi. Mbona hukuitaja kwenye orodha ya wanaowania ubingwa?" Msomaji, Morogoro

Swali hili linakuja kila Agosti, na jibu ni lilelile: mechi hizo hazihesabiwi, na hupaswi kuzihesabu wewe. Mwaka 2008 Detroit Lions walishinda mechi zao zote 4 za maandalizi. Ligi ilipoanza wakapoteza zote 16. Mwaka 2017 Cleveland Browns nao walishinda 4 kati ya 4, kisha wakapoteza 16 kati ya 16. Historia ya ligi haina timu nyingine iliyomaliza msimu na 0-16 (ushindi 0, kupoteza 16), na zote mbili zilikuwa moto mwezi wa Agosti. Baltimore Ravens walishinda mechi 24 mfululizo za maandalizi hadi Washington walipowakatiza 29-28 Agosti 2023. Katika miaka yote hiyo hawakukanyaga Super Bowl, fainali ya ligi.

Tazama nani yuko uwanjani. Kambi huanza na wachezaji 90, na mwaka huu kila timu ilitakiwa kubaki na 53 ifikapo Agosti 26. Kwa timu 32, hao ni wachezaji 1,184 wanaokosa nafasi, ingawa baadhi hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi. Katika robo ya nne ya mechi ya tatu, yule kijana anayekimbia uwanja mzima kumwangusha mpokeaji wa mpira wa kuanzia anapigania nafasi ya 52 au ya 53. Kocha anamtazama yeye, hatazami ubao wa matokeo. Nyota wamekaa pembeni na kofia zao. Sean McVay wa Rams kwa miaka sasa hawaingizi kabisa wachezaji wake wa kikosi cha kwanza. Makocha wa ulinzi nao wanacheza mipango ya kawaida tu, kwa sababu wapinzani wao wa Septemba wanaangalia mkanda.

Kinachobaki baada ya Agosti ni majeruhi. Mwaka jana kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) chipukizi wa Vikings, J.J. McCarthy, aliumia goti kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Raiders na msimu wake ukaishia hapo. Mwaka 1999 Trent Green wa St. Louis Rams aliumia goti vivyo hivyo, akaingia Kurt Warner ambaye wengi hawakumjua, na timu iliyokuwa imemaliza na 4-12 ikatwaa Super Bowl. Mwaka 2016 Tony Romo aliumia mgongo Agosti, Dak Prescott akashika usukani na Cowboys wakamaliza 13-3. Kwa hiyo kama ni lazima uangalie mechi hizi, mwangalie kwotabeki wa akiba. Mashabiki wengi hawajui hata jina lake mpaka siku wanayomhitaji.

"Tuzo ya mchezaji bora itaenda kwa nani?" Msomaji, Arusha

Lamar Jackson, kwotabeki wa Ravens, akicheza mechi zote 17.

"Kaka, Chiefs wamekwisha au ule usiku wa New Orleans ulikuwa ajali?" Shabiki wa Kansas City, Mombasa

Hawajakwisha, lakini rekodi yao ya 15-2 iliwadanganya wengi. Msimu uliopita Chiefs walipoteza kwa Bills 30-21 na kwa Broncos 38-0, basi. Kila mechi iliyoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, walishinda wao. Mechi ya kwanza kabisa, Ravens walifunga tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) sekunde ya mwisho, picha zikarudiwa, kidole cha kiatu cha Isaiah Likely kikaonekana kimegusa mstari mweupe wa nyuma. Ikaisha 27-20. Novemba, Broncos walikuwa na teke la yadi 35 la kuwamaliza, Leo Chenal akapenya na kulizuia kwa mkono. Ikaisha 16-14.

Timu kubwa hushinda mechi za aina hiyo, nakubali. Lakini hakuna timu inayozishinda zote miaka miwili mfululizo. Minnesota Vikings wa 2022 walishinda mechi 11 kati ya 11 za namna hiyo na kumaliza 13-4, huku wakiwa wamefungwa pointi 427 na kufunga 424. Walitolewa raundi ya kwanza ya mtoano, na mwaka uliofuata wakamaliza 7-10.

Sasa nifike ninapotaka kufika, na wasomaji wa zamani mnajua ni wapi: safu ya mbele. Kwenye Super Bowl ya Februari 9, ule usiku wa New Orleans, Eagles walimwangusha Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, mara 6 na hawakutuma mshambuliaji wa ziada hata mara moja. Watu wanne wa mbele walitosha, na ikawa 24-0 wakati wa mapumziko. Joe Thuney, ambaye kazi yake ni kuchezea ndani, ndiye aliyekuwa akilinda ubavu wa kushoto wa kwotabeki ghali kuliko mtu yeyote pale Kansas City. Chiefs wamejibu kwa kumchukua Josh Simmons kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya), nafasi ya 32. Ni kijana mwenye kipaji, lakini ni mgeni, na wiki ya kwanza haina huruma kwa wageni.

Wametwaa kundi la AFC Magharibi miaka 9 mfululizo (AFC na NFC ndizo nusu mbili za ligi). Mwaka huu nawapa Denver Broncos nafasi ya kweli ya kuwavua. Ulinzi wao uliangusha makwotabeki mara 63 msimu uliopita, kuliko timu nyingine yoyote.

"Wewe huwapendi Cowboys. Kumuuza Micah Parsons kutatusaidia baadaye, subiri uone." Msomaji wa Kitanzania, Dallas

Suala la kuwapenda au kutowapenda liweke kando. Parsons amecheza misimu minne, na hakuna hata mmoja ambao aliangusha makwotabeki chini ya mara 12. Mchezaji wa aina hiyo mwenye miaka 26 hauzwi. Mmempeleka Green Bay Packers, mpinzani wenu ndani ya NFC, mkapata chaguo mbili za raundi ya kwanza ya drafti pamoja na mlinzi Kenny Clark. Packers wakamwaga dola milioni 188 kwa miaka minne bila kusita. Chaguo hizo zitakuwa za mwishomwisho mwa raundi kwa sababu Packers watakuwa wazuri, na Parsons mwenyewe ndiye atakayewafanya wawe wazuri.

Mambo haya hayakuanza mwezi huu. Tangu ubingwa wa msimu wa 1995, Dallas hawajarudi hata kwenye fainali ya NFC. Kila mwaka mkataba mkubwa unacheleweshwa hadi Agosti, bei inapanda, magazeti yanajaa, na timu inaingia msimu ikiwa imegawanyika. Ukinilazimisha kutabiri, nasema mtapoteza mechi nyingi kuliko mtakazoshinda, na zile mtakazopoteza mtakuwa mmefunga pointi nyingi tu.

Wapinzani wenu kwenye kundi? Eagles. Najua hakuna timu iliyotetea ubingwa wa NFC Mashariki tangu Eagles wenyewe walipofanya hivyo 2001 hadi 2004, na najua wamempoteza Kellen Moore aliyepanga mashambulizi, Milton Williams na Josh Sweat. Lakini ile safu iliyomfungulia Saquon Barkley njia ya yadi 2,005 kwa sehemu kubwa bado ipo. Washington nawaheshimu, na Jayden Daniels ni kipaji halisi, ila ushindi wao mwingi wa mwaka jana ulipatikana sekunde za mwisho. Bears walifungwa nao kwa mpira wa kubahatisha uliogongwa na kundi la watu ukamwangukia Noah Brown. Tampa Bay walitolewa nao kwenye mtoano kwa teke lililogonga mlingoti ndipo likaingia. Rudi juu usome nilichosema kuhusu Vikings.

"Bengals wana Burrow na Chase. Kwa nini hawapewi heshima?" Msomaji, Nairobi

Msimu uliopita Joe Burrow aliongoza ligi kwa pasi 43 za tachidauni na yadi 4,918, Ja'Marr Chase akaongoza wapokeaji kwa kila kitu, na timu ikamaliza 9-8 nje ya mtoano. Walifunga pointi 38 dhidi ya Ravens wakapoteza. Wakafunga 38 dhidi ya Steelers wakapoteza. Majina hayazuii mpira. Mpaka nione ulinzi tofauti, sitabadilisha.

"Lions walikuwa 15-2. Ni kweli wanashuka?" Msomaji, Kampala

Wameondokewa na makocha wawili kwa mpigo: Ben Johnson wa mashambulizi amekwenda kuwa kocha mkuu wa Bears, Aaron Glenn wa ulinzi amekwenda Jets. Juu ya hapo, Frank Ragnow, mchezaji wa kati wa safu ya mbele, alistaafu Juni. Kurudi kwa Aidan Hutchinson baada ya kuvunjika mguu kunasaidia sana. Watashinda kama mechi 11, na Packers watakuwa juu yao.

Ambao nawaonya msiwadharau ni Bears. Walimaliza 5-12, Caleb Williams akaangushwa mara 68, nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote. Badala ya kununua jina la kuuzia jezi, wamenunua watu wa kumlinda: Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman. Usajili huu haukupigiwa kelele popote, na kwangu mimi ndio bora wa mwaka.

"Rodgers atawapa Steelers ubingwa?" Msomaji, Zanzibar

Hapana. Kocha wao Mike Tomlin hajawahi kuwa na msimu wa kupoteza mechi nyingi kuliko kushinda tangu alipoanza 2007, na hilo litaendelea, lakini hawajashinda mechi ya mtoano tangu Januari 2017 na mzee wa miaka 41 hatawavusha.

"Nimetengeneza mkeka wa mabingwa wa makundi yote 8, odi ni nzuri mno. Naweka laki mbili. Unaonaje?" Msomaji, Mwanza

Usiweke. Tufanye una uhakika wa asilimia 60 kwa kila kundi, kitu ambacho hata makocha wenyewe hawana. Mkeka mzima utapita takribani mara 1 kati ya 60. Ndiyo maana odi zinaonekana nzuri.

Ligi yenyewe imetengenezwa ivuruge utabiri wako: kuna ukomo wa mishahara, timu dhaifu inachagua kwanza kwenye drafti, na ratiba ya walioongoza inakuwa ngumu kidogo. Tangu 1990, kila msimu angalau timu 4 zimeingia mtoano ambazo hazikuwemo mwaka uliotangulia. Mwaka jana zilikuwa Vikings, Washington Commanders, Broncos na Chargers. Texans walimaliza wa mwisho 2022 kwa 3-13-1, mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa kundi. Washington walitoka 4-13 hadi fainali ya NFC ndani ya miezi kumi na miwili. Nimeandika utabiri mwingi leo na ninauamini, lakini sijaweka shilingi juu yake. Wanaoniandikia baada ya mikeka kuchanika hawaulizi tena kuhusu mpira, wanauliza namna ya kurudisha hela. Jibu la swali hilo sina.

"Mechi zinaanza saa ngapi huku kwetu?" Wasomaji wengi

Jumapili, kundi la kwanza la mechi ni saa 2 usiku, la pili ni saa 5 na dakika chache, na mechi ya mwisho ni saa 9 na dakika 20 usiku wa kuamkia Jumatatu. Bukavu, Kigali na Bujumbura toeni saa moja. Mechi ya Dublin kati ya Steelers na Vikings, Septemba 28, itaanza saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo hata watoto wataiona. Kuanzia Novemba 2 Wamarekani wanarudisha saa nyuma, na hapo kila mechi ya kwao itachelewa kwa saa moja kwetu.