Maswali ya Jikoni: Karbonara Isiyoganda

SWALI: Ndugu mhariri, nimepika karbonara (spageti ya Kirumi yenye sosi ya mayai, jibini na nyama ya nguruwe) mara tatu. Kila nikimimina mayai kwenye spageti iliyo kikaangoni, yanaganda vipande vipande na chini panabaki maji. Nimeshauriwa niongeze krimu. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa umelitaja mwenyewe: kikaangoni. Kiini cha yai huanza kuwa kizito kwenye nyuzi joto 65 hivi, na kikifika 70 kimeganda. Ute huwahi zaidi. Kikaango kilichotoka kukaanga nyama kimezipita nyuzi hizo kwa mbali, kwa hiyo yai halipati hata nafasi ya kuchanganyika. Krimu itapunguza hatari, ni kweli, lakini itafunika ladha ya jibini, na Warumi hawaitii. Uzito wa sosi yao hutokana na viini, jibini, mafuta ya nyama na wanga ulio kwenye maji ya tambi.

Kwa watu 4, tumia spageti gramu 400, viini 5 na yai zima 1, Pecorino Romano (jibini gumu la maziwa ya kondoo) gramu 100, guanciale gramu 150, na pilipili manga uliyoiponda muda huohuo. Guanciale ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Ikate vijiti, iweke kwenye kikaango kikiwa bado baridi, bila mafuta, kisha washa moto mdogo. Baada ya dakika 10 hivi mafuta yatakuwa yametoka na nje imekauka. Epua.

Chemsha lita 4 za maji kwa chumvi gramu 30 tu, maana jibini na nyama vina chumvi yake. Koroga mayai, jibini na pilipili kwenye bakuli kubwa hadi upate rojo zito. Tambi zikibakiza dakika moja kuiva, chota kikombe cha maji yake, kisha zihamishie kwenye kikaango chenye nyama. Zigeuze humo kwa dakika hiyo moja pamoja na maji kidogo, halafu epua tena na usubiri nusu dakika. Sasa mimina tambi kwenye bakuli la mayai, wala si mayai kwenye tambi, na ugeuze haraka ukiongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole ikibaki wazi, sosi iko tayari. Ikijifunga, weka bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto, lisiguse maji, ukoroge hadi iwe nzito. Yai lililokwisha kuganda halirudi nyuma, hata ufanyeje.

SWALI: Kwangu mayai ni sawa, ila jibini linakuwa madonge na kunata kwenye kijiko.

JIBU: Umelikwaruza kwa matundu makubwa, au maji uliyotia yalikuwa bado yanatokota. Protini za jibini zikipata joto kali hukamatana na kuyaacha mafuta. Tumia matundu madogo kabisa, liwe kama unga, na uyaache maji yatulie kwanza. Jibini linalouzwa limekwisha kwaruzwa liepuke: mengi hutiwa unga wa kuzuia lisishikane, nalo haliyeyuki vizuri.

SWALI: Je, bekoni inafaa badala ya guanciale?

JIBU: Pancetta, ya tumbo la nguruwe, inafaa zaidi. Bekoni nyingi hufukizwa moshi, na moshi huo ndio utakaousikia kwanza.

SWALI: Eti hiki ni chakula cha Roma ya kale?

JIBU: Anayesema hivyo anatia chumvi kuliko hiyo pecorino. Karbonara ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na pishi moja lililochapishwa Italia mwaka 1954 lilikuwa na kitunguu saumu na jibini la Gruyère.